Kabla hujamwita mkaidi, mpime masikio

Jamani hili nimelisema sana na leo nalirudia, mnivumilie. Mtoto mwenye sindromu ya Down, yaani aliyezaliwa na kromosomu moja ya ziada, aking'ata wenzake, akigoma kuandika, akitupa vitu, jibu ni lilelile, "ah, si ana Down, ndivyo walivyo." Hapana! Hilo sio jibu la daktari wala la mwalimu.

Kuna mtoto aliletwa kwangu, wa miaka 6, shuleni wameshamchoka, akiitwa haitiki, mchana anasinzia, ukimwamsha anang'ata. Barua ya shule inasema mkaidi na mgomvi. Nikamuuliza mama yake, usiku analalaje? Akasema anakoroma tu daktari, halafu kulala chali hataki, anakaa kitako anainama mpaka kichwa kinagusa miguu ndo usingizi unamkolea. Nikamwambia mrekodi kwa simu. Ile video, unasikia anakoroma, anakoroma, mara kimya, kifua kinahangaika lakini pumzi haipiti, halafu anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini, na inajirudia hivyo usiku kucha. Sasa wewe mtu mzima ungelala hivyo miezi na miezi, ungekuwa na adabu gani darasani?

Wengi wa watoto hawa wanabanwa pumzi usingizini, njia zao za hewa ni nyembamba, misuli imelegea, na mafindofindo na nyama za puani zinaziba kile kinachobaki. Tukapima na masikio, maji yamejaa nyuma ya ngoma, kulia na kushoto. Haitiki kwa sababu hasikii! Kumbe muda wote huo anaadhibiwa kwa kutokusikia. Akatolewa nyama na mafindofindo, akawekewa vibomba vidogo vya kupitisha hewa masikioni. Sio kwamba kila kitu kimeisha, bado anakoroma kidogo na tunamfuatilia, ila kung'ata kumekoma, na mwalimu akimwita kwa nyuma anageuka.

Najua kuna anayesema moyoni, hela za vipimo tutatoa wapi. Sawa, hela ni shida kweli, lakini kumuuliza mama "analalaje" ni shilingi ngapi? Anzeni na hapo. Na anayesema mbona hata watoto wengine ni wakaidi, ndiyo, wapo, ila wale wakibadilika ghafla tunauliza wanaumwa nini, huyu hatuulizi.

Tezi ya shingoni, yaani thairodi, ikizubaa mtoto anakuwa mzito, choo kigumu, anajitenga, watu wanasema mvivu. Anapimwa damu akizaliwa, miezi 6, miezi 12, halafu kila mwaka hata kama anaonekana mzima. Moyo mnaujua, karibu nusu yao wanazaliwa na hitilafu, siurudii. Usonji nao unaweza kuwepo juu ya Down, kwahiyo kama anasikia na analala vizuri ila bado hakutazami wala hachezi na mtu, dai apimwe, maana msaada wake ni tofauti.

Naona naoneshwa saa. Shingo basi, haraka haraka. Mifupa ya juu ya shingo zao inaweza kuwa imelegea, ikabana mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, mweleze daktari anayetoa dawa ya usingizi kabla ya operesheni yoyote. Na mtoto aliyekuwa anatembea vizuri akianza kuyumba, au kujikojolea wakati alishaacha, msimchape, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.