Jogoo Hajaitwa Kwenye Kikao

ZUHURA: Haya jamani tumerudi, mimi na Musa kama kawaida, leo tumeahidi mambo manne ya kutoa maoni juu ya rasimu ya sheria ndogo, zile zinazotungwa na halmashauri, na Musa kafika kabla yangu kwa hiyo anikeni nguo ndani, mvua inakuja.

MUSA: Uliza fundi mitambo nimefika saa ngapi. Haya dada Zu, toa yaliyokukuta, maana wiki nzima unanitumia voisi ndefu kama hotuba ya bajeti.

ZUHURA: Si nilienda ofisi ya mtaa kuchukua barua yangu tu, nasubiri mwenye mhuri, macho yakaenda ubaoni. Karatasi imefunikwa nusu na tangazo la mnada. Naisogeza, kumbe rasimu ya sheria ndogo ya kelele na ufugaji, mkutano wa wananchi Alhamisi, mwisho wa kupokea maoni Ijumaa. Na hiyo ni Jumatano Musa!

MUSA: Rasimu yenyewe ulipewa?

ZUHURA: Thubutu. Tangazo linasema nakala ipo ofisini, ofisini wanasema anayo mwanasheria, mwanasheria yuko kikaoni. Nikavuta kiti. Nikawaambia mimi sina haraka, nimekula nimeshiba. Walivyoona siondoki fotokopi ikapatikana.

MUSA: Hapo ndo wengi wanapokatia tamaa. Sasa unatangaza rasimu halafu huionyeshi, mtu atoe maoni juu ya nini, kichwa cha habari? Afrika Kusini wameliweka kwenye katiba yao, ile ya 1996, kifungu cha 160, baraza la manispaa haliruhusiwi kupitisha sheria ndogo kama rasimu haijachapishwa watu waitolee maoni. Kwenye katiba, sio waraka wa mkurugenzi.

ZUHURA: Sasa njoo Alhamisi. Afisa kasimama, kasoma jina la sheria, kasoma faini, kauliza "tunakubaliana?" Watu "ndiyooo", na wengine hata hawajapata pa kukaa. Mara mzee mmoja huko nyuma kanyoosha mkono. Anasema, "Mimi nina jogoo."

MUSA: (anacheka) Ewaa!

ZUHURA: Subiri. Kifungu cha 4 kinasema anayefuga mnyama au ndege atahakikisha hapigi kelele kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mzee anasema jogoo wangu anawika saa kumi alfajiri, tangu kuku waumbwe ndo zamu yao, naomba halmashauri inielekeze namhakikishaje.

MUSA: Amkalishe chini bwana. Amwambie kuanzia mwezi ujao kazini ni saa kumi na mbili na dakika moja, ukiwahi unatuletea faini.

ZUHURA: Mwingine akadakia, wa kwake anaanza saa tisa, je faini yake ni kubwa zaidi kwa sababu kavuka masaa mengi? Mama mmoja akamalizia kabisa, jogoo akiwika mara tatu mfululizo ni kosa moja au makosa matatu?

MUSA: Nacheka lakini hilo swali usilichezee! Kama rasimu imeandika faini kwa "kila kosa" na haijasema kosa moja linaishia wapi, huyo mama anaweza kufilisiwa na kuku kabla hajanywa chai.

ZUHURA: Afisa hana jibu. Kainama kaandika. Tangu kikao kianze ndo naona kalamu inagusa karatasi.

MUSA: Unaona sasa. Kuna watu walisimama "tunaipinga sheria hii kandamizi", wakapigiwa makofi, hakuna kilichoandikwa. Mzee kataja kifungu, kasema kinamgusaje, kilichobaki ni kusema kisomekeje.

ZUHURA: Hicho nilikifanya mimi usiku ule. Niliandika kifungu cha 4 kiongezewe "isipokuwa sauti ya kawaida ya ndege wafugwao".

MUSA: Ya kawaida? Wa jirani yangu je? Yule anaanza vizuri halafu katikati anakohoa.

ZUHURA: Huyo apelekwe hospitali, hiyo ni sheria nyingine.

MUSA: Kuna kitu kingine, juu kabisa ya rasimu huwa kuna mstari unaosema imetungwa chini ya kifungu fulani cha sheria fulani. Msiuruke huo. Halmashauri inatunga kwa mamlaka iliyopewa, ikivuka hapo au ikigongana na sheria mama, ile iliyowapa mamlaka, unaandika hivyo hivyo, hapa mmetoka nje ya mamlaka yenu.

ZUHURA: Jogoo kapata wakili.

MUSA: Na asiposikilizwa twende mahakamani! Kenya 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu, ile ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ile ilikuwa sheria ya kaunti sawa, sio sheria ndogo, ila somo ni lile lile, ukiruka wananchi kazi yako yote inaweza kwenda na maji.

ZUHURA: Na Tanzania vijijini, halmashauri ya kijiji ikitaka sheria ndogo lazima ipite kwanza mkutano mkuu wa kijiji, ijadiliwe, ndo iende kuidhinishwa wilayani. Mzee wangu angekuwa huko angetawala mkutano mzima. Anyway, Ijumaa nikapeleka barua, na sahihi themanini na kitu.

MUSA: Hapo ndo tunaachana.

ZUHURA: Nilijua.

MUSA: Barua moja sahihi themanini ni hoja moja dada Zu. Wangeandika kila mtu mistari mitatu yake, wa jogoo, wa genge, wa msikiti, wa mwenye mtoto mchanga ambaye anaitaka hiyo sheria, halmashauri ingelazimika kujibu vitu tofauti. Maoni sio kura.

ZUHURA: Kwako wewe. Diwani akiona themanini anaona uchaguzi. Halafu hao themanini wako wataandika saa ngapi? Kuna asiyejua kuandika, kuna anayerudi nyumbani usiku. Unataka maoni ya watu wenye meza.

MUSA: Asiyeandika aseme mkutanoni, iingie kwenye muhtasari.

ZUHURA: Muhtasari anauandika nani?

MUSA: Aombe usomwe kabla watu hawajatawanyika.

ZUHURA: Mkutano wa watu mia wasomewe muhtasari, wamesimama, jua hilo? Musa umewahi kwenda mkutano wowote?

MUSA: Nimeenda! Na nimeona orodha za sahihi ambazo nusu ya walioweka hawajui wameweka kwenye nini. Ukimpigia mmoja ukamuuliza kifungu cha 4 kinasemaje anakwambia "si ile ya takataka?"

ZUHURA: Wangu niliwasomea.

MUSA: Wote themanini?

ZUHURA: Niliwasomea kwa makundi.

MUSA: Mmh.

ZUHURA: Usinifanyie "mmh". Fundi anaonyesha vidole, tuna dakika mbili, na tuliahidi mambo manne.

MUSA: Tumefanya mangapi?

ZUHURA: Moja na nusu, na jogoo. Lile la kufuatilia wizarani tuache, la kamati za madiwani tuache. Harakaharaka, barua peleka nakala mbili, moja ibaki kwako imegongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Kama hawana mhuri, asaini.

MUSA: Na uweke anwani yako, barua isiyo na mwenyewe inatupwa. Moja moja lakini, sio themanini.

ZUHURA: Musa!

MUSA: Nasema tu, ukizipeleka themanini tofauti watagonga mhuri mara them—

[Rekodi imeishia hapa.]