Mbwa Asiyetulia na Nyumba Itakayomweza

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Leo namzungumzia mbwa ambaye kila kituo cha kuokoa wanyama kinamjua. Ana mwaka mmoja hivi, afya tele, sura nzuri, na hakai kitako. Watoto wa mbwa huchukuliwa upesi, wazee huonewa huruma, huyu ndiye hubaki. Wageni wakifika anaparamia wavu na kubweka, nao wanasogea kizimba kinachofuata.

Tumwelewe kwanza. Kuanzia miezi 6 hadi 18, na kwa mbwa wenye maumbo makubwa hata miaka 2, mbwa ni kijana anayebalehe. Mwili umetangulia, kujizuia kunafuata nyuma. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapima mbwa wakiwa na miezi 5, kisha miezi 8. Walipofika miezi 8 walizidi kupuuza amri ya kukaa ikitoka kwa mlezi wao, lakini ikitoka kwa mtu mgeni walitii vizuri tu. Naona wenye vijana nyumbani mnacheka.

Jambo la pili: mnayemwona kizimbani siye mnayempeleka nyumbani. Mbwa mzima hulala kiasi cha saa 12 hadi 14 kwa siku. Penye kelele na wageni wasiokwisha, usingizi huo ataupata wapi? Na mbwa aliyekosa usingizi anarukaruka na kung'ata kamba vilevile kama mwenye nguvu za ziada. Kwa hiyo mtafutieni mlezi wa muda, hata kwa siku chache, kisha mwandike mlichokiona huko.

Sasa tufike kwenye tangazo la kumtafutia nyumba, maana hapo ndipo tunapoharibu. Karibu kila tangazo la mbwa wa namna hii husema, "Anahitaji uwanja mkubwa." Mimi siafiki. Mbwa akiachwa peke yake uwanjani hachoki. Atachimba, atawabwekea wapita njia, kisha atalala mlangoni akingoja mtu atoke. Wengine watasema basi arushiwe mpira. Mpira si mbaya, lakini ukimkimbiza nao saa nzima kila siku unamjengea pumzi, na baada ya wiki chache saa hiyo haitamtosha. Kinachomchosha na kumtuliza ni pua yake. Inakadiriwa kwamba pua ya mbwa inaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300, ya binadamu takriban milioni 6. Matembezi ya polepole anayoachiwa kunusa kila kichaka, au chakula kilichotawanywa nyasini akitafute mwenyewe, hufanya kazi kuliko uwanja.

Basi andikeni ukweli. "Mchangamfu na mwenye upendo" ni pazia tu. Andikeni: anavuta kamba, akifurahi anarukia watu na anaweza kumwangusha mtoto, hatujamjaribu na paka, akishatembezwa na kulishwa, analala. Simu zitapungua. Acheni zipungue, mnamtafuta mtu mmoja, na mbwa akirudishwa mara mbili ni vigumu zaidi kumpatia wa tatu.

Huyo mtu mtamjuaje? Msimuulize kama anapenda mbwa, hakuna atakayekataa. Mwambieni asimulie jana yake, tangu alipoamka hadi alipolala, nanyi msikilize mbwa angeingia wapi. Wengi hukimbilia kumchagua kijana mwanamichezo. Lakini kama anaondoka alfajiri na kurudi usiku, mimi nitampa mstaafu anayetembea asubuhi na jioni bila kukosa, ilimradi ana mikono ya kumudu kamba. Ulizeni pia atafanya nini kiatu kikitafunwa. Jibu hilo hueleza mengi. Na kama amepanga, mwenye nyumba akubali kwanza.

Chanjo zikamilike, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, na afungwe kizazi. Ila msimuahidi mtu kwamba kumhasi kutamtuliza. Kunaweza kupunguza kuzurura akitafuta jike, lakini adabu ya sebuleni hafundishwi na kisu cha daktari.

Siku ya kukabidhi, semeni wazi: wiki za mwanzo hakuna sherehe wala msururu wa wageni, na asifunguliwe kamba nje hata kama anaonekana ameshazoea, kwa sababu mbwa mgeni akishtuka hukimbia bila kujua kwao ni wapi. Mkataba useme kwamba wakishindwa anarudi kwenu, hapewi jirani. Halafu wapigieni simu mapema, siku za mwanzoni kabisa. Mkingoja mwezi uishe, viatu vitakuwa vimekwisha na watu wameshakata shauri. Mapema bado mnaweza kuwaambia wabadilishe saa ya matembezi, au wampe kona ya kulala isiyopitwa na watoto.

Nimeona mikono miwili kule nyuma. Karibuni.