Mtoto Akizinduka, Alama Zinashuka

Nimesema mara nyingi kwamba dodoso la kujijazia halitupi picha ya kweli ya umakinifu wa mtoto, yaani kutambua unachofanya na unachohisi wakati uleule, na leo nalirudia kwa sababu bado tunawagawia watoto dodoso lilelile. CAMM mnalijua, dodoso la kupima umakinifu wa watoto na vijana: Greco, Baer na Smith, 2011. Kauli 10, kila moja kuanzia 0, "si kweli kamwe", hadi 4, "ni kweli kila mara". Zote 10 zinauliza upungufu wa umakinifu. Kisha sisi tunageuza alama, 0 inakuwa 4 na 4 inakuwa 0, tunajumlisha hadi 40, na jumla hiyo ndiyo tunaiita umakinifu.

Nilikaa dawati moja na binti wa kidato cha pili akijaza. Alipofika kwenye ile kauli ya kutembea kutoka darasa hadi darasa bila kujua unachofanya, kalamu ikasimama. Akaninong'oneza, "Mwalimu, sisi hatuhami darasa. Walimu ndio wanatufuata. Niweke ngapi?" Nikamwambia aweke anavyoona. Akaweka 0. Sifuri ile ikigeuzwa inakuwa 4, alama ya juu kabisa, kwa kuwa tu ratiba ya shule yao inamwacha amekaa palepale!

Mtaniambia, badilisheni kauli, andikeni "njiani kuja shule". Tulibadilisha. Binti yuleyule, baada ya wiki sita za kutulia na kufuata pumzi, akajaza tena. Alama zikashuka. Nikamuuliza kulikoni. "Zamani sikujua kama nawaza mengine njiani. Siku hizi najishtukia nimefika getini, hata yule mama wa mihogo sikumwona." Jamani, huyu ndiye aliyezinduka, na karatasi inasema amerudi nyuma! Aliyelala ukimuuliza kama amelala, atakujibu nini?

Na msiniambie walimu wawajazie. Mwalimu anaona mtoto amenyamaza. Kama ametulia, ana njaa au anaogopa fimbo, atajuaje?

Ya Uingereza nayapitia mbio. Matokeo ya MYRIAD, utafiti mkubwa wa mafunzo ya umakinifu shuleni, 2022: shule zaidi ya 80, watoto zaidi ya 8,000, na mafunzo ya umakinifu hayakuyashinda masomo ya kawaida ya stadi za kijamii na kihisia. Watu wakasema basi, hayafai. Huenda. Lakini hapo pia matokeo makuu yalitokana na watoto kujijazia wenyewe.

Kuna kipimo cha kuhesabu pumzi: unabonyeza kitufe kimoja kwa pumzi ya 1 hadi ya 8, kingine kwa ya 9, na ukipotea hesabu inaonekana bila kuulizwa. Nilitaka kukieleza, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nawaomba jambo moja: kabla ya kuchapa nakala nyingine, kaeni na mtoto mmoja dawatini, asome kila kauli kwa sauti, awaeleze ameelewa nini.