Kikwazo Si Kizuizi

Shikamooni wazee, vijana, mambo? Nimeombwa nizungumzie neno "kikwazo", na Arusha ndipo mahali pake. Hapa yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imetunga hadi sheria, ya mwaka 2017, ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vile vya biashara visivyotokana na ushuru.

Tuanzie mguuni. Unatembea gizani, kidole gumba kinagonga jiwe, unaita "mama yangu!" Umejikwaa. Jiwe limekukwaza, basi jiwe ndilo kikwazo. Lakini angalieni: hukusimamishwa. Unachechemea, ila unakwenda. Wahenga wakasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole hupona. Siku hizi hata moyo unajikwaa. Ukimwambia mtu ukweli kidogo tu, anakujibu, "Nimekwazika." Halafu magazeti nayo, kitenzi hichohicho: "Akwaa ubunge"! Huyo sijui kama ameumia.

Kizuizi ni ukoo mwingine, wa kuzuia. Ni gogo limelazwa barabarani, askari kando yake. Hupiti mpaka aliyelilaza aliondoe. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 iliyoruhusu watu kushikwa bila kushtakiwa iliwapeleka kizuizini. Hakuna aliyepelekwa kikwazoni. Nduguye ni zuio: la mahakama, au ile kodi ya zuio inayokatwa kabla hela haijakufikia. Pingamizi lenyewe lina mdomo. Lazima awepo mtu wa kusema "napinga", iwe kortini, iwe kanisani tangazo la ndoa linaposomwa.

Sasa twendeni Namanga, mpakani na Kenya. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ikitajwa kuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Wengi waliiita hatua hiyo kikwazo cha biashara. Mimi nakataa. Lile lilikuwa zuio, tena lenye mwenyewe, na mwenyewe alililegeza siku chache baadaye kwa masharti. Kikwazo ni kile anachokutana nacho dereva wa nyanya geti likiwa wazi kabisa: fomu imekosa muhuri mmoja, lori lirudi tena kwenye mzani, "subiri, bosi yuko lanchi." Jioni anapita, hakuna aliyemzuia. Ila makreti ya chini yameanza kuvuja maji, na mnunuzi wa ng'ambo anayaona. Ukikiita kitu hicho kizuizi, utatafuta gogo la kuondoa na hutaliona.

Naam, mama pale nyuma? Anauliza, na kauzibe je? Kauzibe, mama, ni mtu. Lori lako halimhusu, nyanya hauzi, lakini atahakikisha hujapita.

Maswali mengine karibuni. Ila yule kijana aliyekaa kizingitini asogee kwanza, wenzake wanashindwa kuingia.