Kuchagua Vifaa vya Kupoza Kompyuta kwa Maji: Kwa Anayeanza, Kutoka Tabora

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani nina kesi tupu ya kompyuta, futi kamba na karatasi ya oda. Hatufungi kitu, tunachagua vifaa tu. Kwa sisi wa Tabora hapa ndipo hela inapopotea, maana kiungio kimoja kikipungua hukipati dukani mjini. Unakisubiri kutoka Dar, na huko nako huenda kikaagizwa nje.

Kwanza jiulize unataka kupoza nini. Kama ni prosesa peke yake, nunua kipozeo cha maji kilichofungwa tayari kiwandani, kitakutosha. Kujijengea mfumo mwenyewe kuna maana pale kadi ya grafiki nayo inapoingia kwenye mzunguko.

Haya, rejeta, ile inayotoa joto la maji na kulipeleka hewani. Hapa tukae kidogo. Chukua prosesa ya wati 105 na kadi ya wati 220, jumla wati 325. Makadirio ya wazoefu ni kwamba kila nafasi ya feni ya milimita 120 inaondoa kama wati 100, feni zikizunguka taratibu. Rejeta ya 360, yenye feni tatu, itabeba mzigo huo kwa taabu. Ongeza ya 240, yenye feni mbili. Na mtu asikudanganye, maji hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumbani. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, chumba cha bati kikifika nyuzi 33, maji yako yatacheza kwenye 43 hata mfumo ukiwa mzuri. Kwa hiyo ukiona mtu wa nchi ya baridi anajisifu na rejeta moja, mwache na baridi yake.

Tazama pia mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta vinavyopitisha hewa. Zipo rejeta zenye mapezi 30 kwa inchi. Hizo zinataka feni zenye kelele, na vumbi letu la kiangazi litaziziba upesi. Chukua zenye 16 au pungufu.

Sasa futi kamba. Rejeta nyembamba ina unene wa milimita 30, feni 25, jumla 55. Pima kutoka dari ya kesi hadi ukingo wa mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Pima na urefu, kwa sababu rejeta ya "360" kwa kweli inakaribia milimita 400, ukihesabu vile visanduku vya maji vya mwishoni.

Kabla hujalipia, uliza rejeta imetengenezwa kwa metali gani. Bloku, yaani kile kipande kinachokaa juu ya prosesa au chipu ya kadi na kupitisha maji, nyingi ni za shaba, wakati mwingine zimepakwa nikeli. Ukiziunganisha na rejeta ya alumini kwenye maji yaleyale, alumini italiwa na uchafu wake utaziba njia ndogo za bloku. Seti za bei chee mara nyingi ndipo zinapokutega. Fundi yeyote wa rejeta za magari anaijua vita hiyo.

Bloku ya prosesa ni rahisi: hakikisha ina vishikizo vya soketi yako, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi. Soketi ya Intel ya LGA1700, kwa mfano, matundu yake ya kufungia yamekaa tofauti na ya soketi za Intel zilizoitangulia. Ya kadi ndiyo yenye mtego. Jina la chipu halitoshi. Bloku lazima ilingane na bodi ya kadi yenyewe, kampuni na toleo. Ikikosekana, iache kadi na feni zake.

Pampu: aina mbili utakazokutana nazo ni D5 na DDC. Mimi nachagua D5 iliyoungana na tanki lake. DDC ni ndogo na ina nguvu, ila inachemka zaidi. Yoyote utakayochukua, tanki likae juu ya pampu, na pampu isiwashwe kavu hata kidogo, kwa sababu maji ndiyo yanayolainisha beringi yake.

Mipira ya kupitishia maji: kwa mara ya kwanza chukua laini, ile nyeusi ya EPDM, aina ya mpira wa kiwandani. Ukiona 10/16, ndani ni milimita 10 na nje 16, na viungio viwe 10/16 vilevile. Mpira wa 10/13 hujikunja na kujiziba kwenye kona kali. Nyuzi za kukazia za viungio ni za kipimo cha G1/4, na kinachozuia maji ni oringi, yaani kile kipete cha mpira, si tepu ya fundi bomba. Hesabu kila tundu la mpira, ongeza viungio viwili vya akiba, weka na koki ya kutolea maji.

Maji ya bomba na ya kisima hapana, yana madini. Tumia maji yaliyokenekwa. Ukienda kwenye duka la spea kuyaulizia kwa jina la maji ya betri, soma chupa vizuri: asidi ya betri nayo huuzwa hapohapo. Maji hayo yachanganye na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Hizi rangi nzito kama maziwa ziacheni, zinaganda kwenye bloku.

Mzigo ukifika, suuza rejeta kwa maji yaleyale yaliyokenekwa, yakiwa ya uvuguvugu, mpaka yatoke safi, kwani mabaki ya uchomeleaji wa kiwandani huwa yamebaki humo. Kufunga na kupima uvujaji tutafanya video ijayo.