Kikokotoo cha Grafu Bila Kitabu cha Maelekezo: Anzia Hapa

Karibuni. Leo tunashika TI-84 Plus, ile ya skrini isiyo na rangi, ambayo wengi mnaipata Kariakoo ikiwa mtumba: boksi hakuna, kitabu hakuna. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita ni ya kujifunzia tu. Chumba cha mtihani wa Advanced Mathematics kinaruhusu vikokotoo visivyopokea programu, na hiki kinapokea.

Kabla hujalipa, fungua mfuniko wa nyuma. Zinakaa betri nne za AAA. Angalia springi: ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri zilivuja. Unga huo hutoka kwa siki kidogo na kijiti cha pamba, kisha uache pakauke kabisa. Lakini bei ishuke kwanza.

Ukiwasha skrini ikabaki nyeupe, usiseme kimekufa. Bonyeza 2ND, iachie, halafu shikilia mshale wa juu mpaka maandishi yatokee. Ikiwa nyeusi tii, mshale wa chini. Na ujue kabisa: maandishi ya bluu juu ya vitufe yanaitwa na 2ND, ya kijani yanaitwa na ALPHA.

Sasa ondoa mipangilio ya aliyekuwa nacho. Bonyeza 2ND, kitufe cha kujumlisha, 7, 2, kisha 2 tena. Hapo umechagua Defaults, yaani mipangilio ya kiwandani. All RAM, inayofuta kumbukumbu, usiiguse kama kuna programu unazitaka.

Tuchore. Dereva wa bajaji wa kwanza anataka shilingi 1,000 ya kuanzia na 500 kila kilomita. Wa pili hana ya kuanzia, ila kilomita moja ni 700. Nani nafuu, na kuanzia wapi?

Bonyeza Y=. Kama kuna kitu kimeandikwa humo, kifute kwa CLEAR. Kwenye Y1 andika 1000+500X. Hiyo X iko kwenye kitufe cha X,T,θ,n, jirani na ALPHA. Shuka Y2, andika 700X. Bonyeza GRAPH.

Hakuna cha maana, sivyo? Hapa ndipo wengi wanakirudisha dukani. Kikokotoo hakijakosea: dirisha lake linaanzia -10 na kuishia 10, nauli yako iko kwenye maelfu. Hakikutafutii grafu, kinachora kile tu kinachoingia dirishani.

Bonyeza WINDOW. Xmin 0, Xmax 9.4, Xscl 1, Ymin 0, Ymax 8000, Yscl 1000. Xscl na Yscl ni umbali kati ya alama za mhimili. Xres iache. Mkiiacha Yscl ikiwa 1, mhimili wa Y utavimba kama bomba, maana unakiambia kipange alama 8,000 kwenye skrini yenye nukta 64 tu kwenda juu.

Kwa nini 9.4 na si 10? Bonyeza GRAPH, kisha TRACE. Kielekezi kinaanzia katikati, X=4.7. Sogeza kulia: 4.8, 4.9, 5. Namba safi, kwa sababu kutoka ukingo hadi ukingo kuna hatua 94. Ungeweka 10, kila hatua ingekuwa 0.10638 na mkia wake, ukabaki unakuna kichwa.

Kupata pale mistari inapokatana: 2ND, TRACE, 5. Kitauliza First curve, Second curve, Guess. Jibu ENTER mara tatu. X=5, Y=3500. Ukivuka kilomita 5, panda bajaji ya kwanza.

Sasa makosa yanayowakwamisha watu. Vitufe vya kutoa viko viwili. Kile cha pembeni ni cha kutoa namba kwa namba. Kile chenye mabano, (-), kilicho chini karibu na ENTER, ni cha namba hasi. Ukianza Y1 kwa kile cha pembeni, unapata ERR:SYNTAX. Bonyeza 2, Goto, kitakupeleka penye kosa lenyewe.

ERR:WINDOW RANGE: mara nyingi Xmin si ndogo kuliko Xmax, au Ymin kuliko Ymax.

ERR:INVALID DIM huwachanganya zaidi, maana mlinganyo wako hauna tatizo. Rudi Y=, tazama mstari wa juu kabisa. Plot1 ikiwa imepakwa weusi, imewashwa na inatafuta takwimu kwenye orodha iliyo tupu. Panda juu yake kwa mshale, bonyeza ENTER, izime.

Na ukiandika sin(30) ukapata -0.988 badala ya 0.5, kikokotoo kiko kwenye radiani, na Defaults uliyoifanya mwanzo ndiyo iliyokiweka huko. Bonyeza MODE, shuka hadi RADIAN, sogea DEGREE, ENTER, kisha 2ND na MODE kutoka.