Kichwa Kinachouma Upande wa Stenti

Wauguzi na madaktari wenzangu, nianze na kitu kidogo tu. Mgonjwa anapowekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi, kwenye ateri ya karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu ubongoni, huwa yu macho, na wengi wetu humshikisha mdoli wa mpira unaolia ukiminywa. Tukitibu mshipa wa kulia, mdoli hukaa mkono wa kushoto, kwani nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayouendesha mkono huo. Kila hatua tunamwambia, "Mzee, minya." Mdoli ukinyamaza, tunasimama.

Mara nyingi kinachounyamazisha ni kipande cha utando wa mafuta kilichobanduka, au donge la damu, kikapanda ubongoni. Ndiyo maana kichujio cha kunasa vipande hivyo hutangulizwa mshipani, na aspirini pamoja na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, huanza siku kadhaa kabla, zikaendelea angalau wiki nne. Hata hivyo, utafiti wa CREST wa mwaka 2010, uliolinganisha stenti na upasuaji wa kusafisha mshipa huo kwa wagonjwa 2,502, ulionyesha kiharusi cha mwanzoni kwa asilimia 4.1 ya wenye stenti, na 2.3 ya waliopasuliwa. Kwa mshtuko wa moyo mambo yaligeuka: 1.1 dhidi ya 2.3. Mzee wa zaidi ya miaka 70 mwenye mishipa iliyojikunjakunja, mimi ningempeleka kwa mpasuaji kwanza.

Mkono ukilegea, picha ya mishipa ipigwe palepale. Donge likionekana kwenye mshipa mkubwa, livutwe kwa katheta, ule mrija mwembamba upitao mshipani. Na puto linapotanuliwa shingoni, mapigo huweza kushuka ghafla pamoja na presha, basi atropini, dawa ya kuinua mapigo, iwe tayari imeshavutwa kwenye sindano.

Ninaloliogopa zaidi huja baadaye, tukishapongezana. Mishipa midogo ya upande ule ilikaa muda mrefu ikiwa imetanuka ili ipate ile damu kidogo iliyopita penye msongo. Njia ikifunguka, damu hufurika na mishipa ile imeshasahau kujibana. Mgonjwa atakwambia kichwa kinamgonga upande uleule, kwenye paji au nyuma ya jicho. Asiposikilizwa, hufuata degedege, kisha damu kumwagika ubongoni.

Hapo presha ndiyo kazi yote. Ishuke chini ya 140/90, na aliye hatarini zaidi ishuke kuliko hapo. Kati ya dawa za kushusha presha, labetaloli inafaa; nitrogliserini hutanua mishipa ya ubongo, tuiepuke. Siti skani ifanywe bila kungoja asubuhi. Damu ikionekana, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda aliyopewa, ibatilishwe kwa protamini, na vile vidonge vya aspirini na klopidogreli visimamishwe, ingawa stenti nayo inaweza kuziba. Uamuzi huo mchungu usiachiwe daktari wa zamu peke yake.

Haya yote huweza kutokea siku kadhaa baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Kwa hiyo mkalisheni ndugu yake chini, mpeni kipimo cha presha na kumfundisha kukitumia, na mwambieni waziwazi: kichwa kikianza kuuma upande wa stenti, asimpe dawa ya maumivu na kumwambia alale. Amlete usiku huohuo.